Nyumba ya urithi Ngamiani: usikate upenu

Fundi wa kwanza aliingia, akapigapiga ukuta wa korido kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Mama, hii bomoa tu. Nikupandishie ya kisasa, ya kuficha paa." Nikampa nauli, akaenda zake.

Nyumba ya marehemu baba iko Ngamiani, Tanga. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo na jiko la kuni. Leo ina masta, jiko la ndani na sebule yenye mwanga, na sura ya mbele ni ileile. Mwenye nyumba kama hii, nakupa nilivyofanya, pamoja na nilipochemsha.

Kabla ya fundi, malizaneni nyumbani. Nyumba ya urithi si yako peke yako hata kama hela ni zako. Sisi tuko watano. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, ndipo nikapeleka ramani halmashauri kuomba kibali cha ujenzi.

Kisha ujue umeachiwa nini, maana plasta inaficha mengi. Shika patasi, banja kipande cha ukubwa wa kiganja karibu na sakafu, ukuta kwa ukuta. Kwangu mbele ni mawe na chokaa, nyuma fito na udongo. Chimba na pembeni mwa ukuta uone msingi umefika wapi. Wangu haukuzidi futi moja na nusu. Hapo ghorofa usahau.

Sasa hili la kuficha paa. Ukuta wa udongo adui yake ni maji, ndiyo maana wazee waliacha upenu mpana, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Ukitaka kuficha paa unaukata upenu, unapandisha ukuta kuzunguka bati, na maji yote yanategemea mfereji uliofichwa kwa ndani. Mfereji ukiziba kwa majani ya mwembe katikati ya masika, maji yanashukia ukutani. Tofali za saruji zitaota ukungu. Udongo utalainika uanguke. Kwa hiyo nyumba kuu niliiachia paa lake, nikabadili bati tu, geji 28. Kuficha paa nikakufanya kwenye nyongeza ya uani, ambayo ni tofali tupu. Mfereji wake una mabomba mawili, na juu kidogo nimeacha tundu la kutokea nje: siku bomba likiziba, nitayaona maji yanamwagika uani kabla hayajaingia chumbani.

Nyongeza hiyo haikuegemezwa kwenye nyumba ya zamani. Ina msingi wake, nguzo zake, lenta yake (mkanda wa zege juu ya kuta), na kati ya majengo hayo mawili nimeacha nafasi ya inchi moja iliyofunikwa kwa bati la kukunja. Jengo jipya hutitia kidogo. Ukiyashikanisha kwa saruji, subiri ufa. Zege yangu ilikuwa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto, na tulimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Mchanga wa pwani usikubali hata ukipewa bure. Chumvi inakula nondo, na plasta inatoka unga mweupe.

Nilipochemsha ni kwenye korido. Nilitaka sebule pana, nikasahau kuwa kuta za korido ndizo zinazobeba kenchi, mbao zinazoshikilia paa. Fundi wa pili akaanza kuvunja saa nne asubuhi, mirunda, yaani miti ya kuegemeza paa, bado iko kwenye mkokoteni barabarani. Tukasikia mbao zinalia juu, vumbi likashuka, bati likabonyea. Saidia fundi mmoja alisimama ameshikilia mbao kwa mikono miwili huku anasoma dua kwa sauti. Baada ya hapo nilimwita mhandisi, akapima na kupanga upya: mirunda kwanza, pande zote mbili za ukuta, juu na chini imekalia ubao, ndipo uvunje, usimamishe nguzo, umwage boriti ya zege. Mirunda haikutolewa hadi siku ya 21.

Kuta za udongo nilizipiga chokaa badala ya saruji, kwa sababu saruji haishikani na udongo, inabanduka kama ganda. Gipsam ni hiari yako, ila acha tundu la kupandia darini. Madirisha ya aluminiamu nilichukua ya kufunguka yote. Yale ya kusukuma yanafunguka nusu tu, na joto la Tanga unalijua.

Baraza fundi alitaka kulitia vigae. Wazee wa bao wakamkatalia kabla sijafungua mdomo, eti mvua ikinyesha watateleza na kete zao mkononi. Nikalisakafia saruji nyekundu, kama lilivyokuwa.