Somo: Kufufua Jaguar Mk 2 ya lita 3.8 na kuiboresha bila kuiharibu sura

Wengi wanaoniuliza kuhusu Mk 2 huanza na injini: nifunge kabureta gani, nitapata farasi wangapi. Wanaanzia mwisho. Gari hili lilitoka kiwanda cha Jaguar cha Browns Lane, Coventry, kuanzia Oktoba 1959 hadi 1967, na lile la 3.8 lenye injini ya XK (cc 3,781, kamshafti mbili, yaani mihimili inayofungua vali, juu) lilitajwa kuwa na nguvu za farasi 220. Linafika kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni saluni ya milango minne, viti vya ngozi, dashibodi ya mbao! Polisi wa Uingereza walilitumia barabara kuu, na wezi wa benki wakalipenda kwa sababu ileile. Bernard Consten alishinda nalo Tour de France ya magari, upande wa saluni, miaka minne mfululizo, 1960 hadi 1963.

Kwa hiyo nguvu ipo. Lililobaki nyuma ya wakati ni upoozaji, umeme, usukani na breki. Huko ndiko pesa iende. Na sharti langu ni moja: kila kitu tutakachoongeza kiweze kufunguliwa kwa spana na gari likarudi lilivyotoka kiwandani. Ukishatoboa bodi au kukata chuma, umeshusha bei ya gari kwa mkono wako.

Hatua ya 1: Kutu kwanza, mengine baadaye

Mk 2 haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, hivyo kutu hapa si suala la urembo. Chukua bisibisi na taa, lala chini. Gonga vizingiti chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, sakafu ya mbele, na nyuma ya matairi ya mbele ambako tope hujificha miaka na miaka. Kisha nenda nyuma ukaangalie mahali springi za majani zinapofungwa kwenye bodi, na kishikio cha fimbo ya Panhard, ile inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia. Kishikio hicho kikiwa kimeoza, gari litayumba hata ukilifunga shokomzoba za dhahabu.

Puti iliyopakwa kwa ustadi huwadanganya hata mafundi, kwa hiyo tembea na sumaku. Isiponata, kuna kitu kimefichwa.

Wakati wa kukata vizingiti, usiondoe milango. Funga vyuma vya kushikilia ndani ya nafasi za milango, kata upande mmoja tu kwa wakati, na kila ukichomelea kipande jaribu kufunga mlango. Bodi ikijikunja milimita chache, milango haitakaa sawa tena, na hakuna rangi itakayoficha hilo. Hatua hii hula muda na pesa kuliko zote zinazofuata. Asiyekuwa na uwezo nayo anunue gari lenye bodi nzima na injini mbovu, asinunue kinyume chake.

Hatua ya 2: Injini, kwa utaratibu

Pata spana za inchi. Za milimita zitakula vichwa vya bolti.

Silinda hedi ya XK ni ya alumini, na ina tabia moja ya hatari: vali zilizo wazi hutokeza chini ya uso wake. Ukiifungua na kuilaza mezani kama hedi nyingine, umepinda vali. Iweke juu ya vipande vya mbao. Vilevile, usizungushe kamshafti moja peke yake ovyo, kwa sababu vali za kuingiza na za kutolea hugongana zenyewe kwa zenyewe. Kuna kibati maalumu kinachoingia kwenye mfuo wa kamshafti ili kuzipanga. Ni cha bei ndogo, kinunue.

Nafasi za vali hupimwa injini ikiwa baridi: 0.10 mm upande wa kuingiza, 0.15 mm upande wa kutolea. Hakuna skrubu ya kurekebisha. Unafungua kamshafti, unabadilisha shimu (kibati chembamba cha unene uliopimwa) chini ya tapeti, unafunga, unapima tena. Kazi ya subira, chai iwe karibu.

Bloku ya 3.8 ina mikono ya silinda iliyopachikwa, kwa hiyo hata ikiwa imechakaa sana huweza kuwekewa mipya. Lakini kabla ya kuirudisha, toa vifuniko vya pembeni vya njia za maji. Utakuta matope ya kutu yamejaa, hasa nyuma. Yakwangue yote, osha kwa maji ya shinikizo, rudia. Nusu ya magari yanayosemekana "Mk 2 zote huchemsha" yanachemsha kwa sababu ya matope hayo.

Maboresho ya ndani ninayoyakubali: pistoni za kompresheni ya 9 kwa 1 badala ya 8 kwa 1, njia za hedi kusawazishwa kidogo, na sili ya nyuma ya krenkshafti. Kiwandani waliweka sili ya kamba, na kamba huvuja. Sili ya kisasa ya mpira inahitaji kazi ya mashine kwenye krenki, kwa hiyo amua injini ikiwa bado imefunguliwa. Hapa ndipo navunja sharti langu, kwa sababu hakuna anayelia akikosa kuvuja kwa oili.

Kabureta mbili za SU za asili zinatosha. Zifanyie matengenezo, zilinganishe, basi.

Hatua ya 3: Upoozaji

Rejeta ya alumini iliyopakwa rangi nyeusi haionekani kabisa nyuma ya grili. Ongeza feni ya umeme yenye swichi ya joto. Feni ya asili husukuma hewa kidogo injini inapozunguka polepole, na foleni ndipo mahali injini huzunguka polepole. Themostati usiitoe, hata fundi gani akikwambia uitoe.

Hatua ya 4: Breki

Mk 2 ilikuwa na breki za disi za Dunlop kwenye magurudumu yote manne, jambo kubwa kwa saluni ya wakati ule. Zikitengenezwa vizuri bado zinasimamisha. Udhaifu upo sehemu mbili: breki ya mkono, ambayo haijawahi kumridhisha mtu, na masta silinda moja inayohudumia mbele na nyuma. Paipu moja ikipasuka, huna breki. Ningeanza na mfumo wa njia mbili kabla ya kufikiria kaliba kubwa. Kaliba za pistoni nne mbele ni nzuri, na hujificha nyuma ya rimu za spoku.

Hatua ya 5: Umeme

Magari haya yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na desturi ya leo. Ukitaka alteneta, geuza mfumo: badilisha nyaya za betri, geuza nyaya za koili na za amita. Stata haijali. Geji ya mizunguko ya injini pia haijali, maana inapata umeme wake kutoka jenereta ndogo nyuma ya kamshafti. Lakini saa iliyo ndani ya geji hiyo inajali sana, itaungua. Pampu ya petroli nayo ikague.

Zipo alteneta zilizotengenezwa kwa umbo la dainamo ya zamani. Ukifungua boneti hakuna atakayegundua. Weka pia moduli ya elektroniki ndani ya distributa badala ya pointi. Hiyo nayo haionekani, na injini huwaka kwa mara ya kwanza hata asubuhi ya barafu.

Hatua ya 6: Gia na usukani

Bila pawa, usukani unazungusha karibu mara tano kutoka kona hadi kona, na injini ya chuma ipo juu ya magurudumu ya mbele. Kuegesha ni mazoezi ya viungo. Mota ya umeme inayojificha chini ya dashibodi, kwenye mhimili wa usukani, ndiyo suluhisho la heshima: usukani mkubwa wa asili unabaki.

Gia boksi ya Moss, ile ya asili, haina sinkro (kifaa cha kulainisha gia inapoingia) kwenye gia ya kwanza. Kama yako ina ovadraivi (gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini barabara kuu), iache, jifunze mkono wake. Kama ilikuwa otomatiki, hapo gia boksi ya gia tano inafaa, na gari hubadilika kabisa barabara kuu.

Bushi za mbele zibaki za mpira. Zile ngumu za mashindano huleta kelele na mtikisiko kwenye gari lililojengwa liwe kimya.

Maswali ya wanachama

Mombasa: *Shikamoo fundi. Ninayo ya 3.4 ya marehemu babu. Kwenye foleni ya Nyali sindano ya joto inapanda mpaka roho inanitoka. Nimebadilisha wota pampu mara mbili.*

Marahaba. Wota pampu iache, haina kosa. Fanya lile la matope kwenye bloku, kisha feni ya umeme. Angalia pia taimingi: ikiwa imechelewa, injini huzalisha joto jingi bila nguvu. Na kama gari lilikuwa likijazwa maji ya bomba miaka yote, rejeta ya zamani haitasafishika, nunua nyingine. Tumia kulanti tangu sasa.

Nairobi: *Bro, kwa nini nisitoe hiyo XK nitupie 2JZ? Spea ziko kila kona Kirinyaga Road.*

Inaingia, na itakimbia. Ila umebaki na Toyota iliyovaa koti. Kinachopandisha bei ya Mk 2 ni namba ya injini inayolingana na ile ya kibati cha kiwandani. Ukiwa na ganda lililokwisha kupoteza injini, fanya utakavyo. Ukiwa na la asili, nakuomba usifanye. Spea za XK zinapatikana Uingereza karibu zote, mpya, na husafirishwa.

Maskati: *Assalamu alaykum. Je, kiyoyozi? Huku bila kiyoyozi gari ni la miezi minne.*

Wa alaykum salaam. Inawezekana, lakini fuata mpangilio: kwanza rejeta na feni, pili alteneta, mwisho kompresa. Dainamo ya zamani haiwezi kulisha feni ya kiyoyozi, feni ya rejeta na taa kwa pamoja. Kondensa huziba hewa ya rejeta, kwa hiyo feni ya pili mbele yake.

Leicester: *Kaka, ni kweli gari hili halihitaji MOT?*

MOT ni ukaguzi wa lazima wa kila mwaka Uingereza. Gari lililotimiza miaka 40 halilazimiki, halilipi kodi ya barabara, na halitozwi ULEZ (tozo ya magari yanayochafua hewa) London likishasajiliwa kama la kihistoria. Sharti la kusamehewa MOT ni kwamba lisiwe limebadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Hiyo ni sababu nyingine ya kubaki na maboresho madogo. Mimi hupeleka MOT hata hivyo. Macho ya mtu mwingine chini ya gari si ya kudharau. Na badilisha mipira ya petroli: tangu 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10), na ethanoli hula mpira wa zamani.

Dar es Salaam: *Nimeuziwa 2.4 kwa bei ya kutupa. Nitafute injini ya 3.8 niifunge?*

2.4 ina farasi 120 na bloku fupi zaidi. Injini ya 3.8 inaingia, ila difu yako ina uwiano mfupi, 4.27 au 4.55, wakati 3.8 yenye ovadraivi hutumia 3.77. Usipobadilisha difu, injini itapiga kelele ukiwa kilomita 100 tu. Ongeza breki na springi za mbele uone hesabu inavyokuja. Tengeneza hiyo 2.4 iwe nzuri.

Kampala: *Nilibadilisha nyaya za plagi jana, sasa injini inamisi na kupiga mabomu kwenye kabureta. Nimefuata 1-5-3-6-2-4 kama kitabu kinavyosema.*

Umehesabu kutoka wapi?

*Mbele, kwenye feni, kama gari lolote.*

Jaguar wa XK huhesabu kutoka nyuma. Silinda namba moja ipo upande wa flaiwili. Panga upya.

*Imewaka! Mafundi watatu walishanishauri nifungue hedi.*