Unarudi kwenye ubao wa theluji? Anza na buti
Kwa mliopo Denver, Calgary au Oslo mnaotaka kurudi kuteleza baada ya miaka: hela nyingi wekeni kwenye buti mpya. Ubao nunua wa mtumba, au wa msimu unaoisha, Machi na Aprili maduka yanaposhusha bei. Buti ndiyo inayopeleka amri ya mguu kwenye ubao. Ikipwaya, hata ubao wa bei mbaya hautakutii. Ijaribu na soksi moja tu: ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke kabisa. Sponji ya ndani hulegea kwa kuvaliwa, kwa hiyo inayopwaya dukani itapwaya zaidi mlimani. Ubao wa matumizi yote, wenye ugumu wa kati, haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Ila mwenye mguu wa saizi 45 kwenda juu atafute ubao mpana, la sivyo vidole vitaburuza theluji kwenye kona, na mitumba mipana ni adimu. Ukingo wa chuma ukiwa umepasuka au tabaka zimeachana, uache hata wakikupa bure. Hakikisha pia matundu yake yanaoana na vifungio vyako, vile vinavyoshikiza buti kwenye ubao.