SOMO: Paka na mimea ya majani manene ndani ya nyumba moja (soma kabla ya kuuliza)

Swali ni lile lile: "Paka wangu katafuna kakati, atakufa?" Picha ikija, kilichomo si kakati. Nimeandika hatua zote hapa ili tusirudie.

1. Jua jina la kila chungu. Tafuta jina la kisayansi, liandike kwenye mkanda, ubandike. Muuzaji wa kando ya barabara akikwambia "kakati", bado hujaambiwa kitu.

2. Panga makundi. Itoke nyumbani kabisa: kalanchoe zote, waridi la jangwani (Adenium), na jamii yote ya Euphorbia, ukiwemo mnyaa na ule wa miiba wenye maua mekundu (Euphorbia milii). Kalanchoe na waridi la jangwani zina sumu ya moyo. Utomvu mweupe wa Euphorbia huchoma mdomo, macho na ngozi. Iwe mahali asipofika: mshubiri, sanseviera na krasula, ambayo huleta udenda, kutapika au kuharisha. Inaweza kubaki: Haworthia na Echeveria.

Usijaribu kutambua kwa utomvu peke yake. Mweupe ni onyo, lakini kalanchoe haitoi maziwa hata tone na ni mbaya zaidi.

3. Ondoa, kisha kagua vyungu vilivyobaki. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwanza, kuweka juu si kuzuia. Rafu ya mita moja na nusu paka mzima anairuka bila shida, na chungu cha kuning'inia kinaangusha majani sakafuni. Pili, Kalanchoe daigremontiana na K. delagoensis huzaa vitoto kwenye majani: ya kwanza kingoni, ya pili nchani. Vitoto vinaanguka na kuota kwenye chungu cha jirani, hata kwenye ufa wa sakafu. Unautoa mmea mama, unaona umemaliza, kumbe watoto wake wanakua ndani ya chungu cha Haworthia, ambacho umemwachia paka kwa sababu ni salama. Kwa hiyo kagua kila chungu mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa. Ng'oa na mizizi, tia kwenye mfuko, funga. Usitupe kwenye mboji wala nje ya ua, vitaota tena.

4. Ukipogoa uzio wa minyaa ulio nje, fungia paka ndani. Paka si lazima ale. Anakanyaga matone, anajilamba miguu, basi. Vaa glovu, mikono mirefu na miwani. Kusanya matawi siku hiyo hiyo, mwagia maji ya sabuni palipodondokewa, osha panga, na ubadili nguo kabla ya kumpakata. Usichome matawi, moshi wake unawasha macho.

5. Mpe cha kutafuna. Loweka ngano nzima usiku kucha, panda kwenye udongo wa sentimita 3. Ikifika sentimita 10, mpe. Iwe ngano ya kula, si mbegu iliyotiwa dawa (mara nyingi ina rangi). Usipande mtama: ukiwa mchanga una kemikali inayotoa sianidi.

6. Akishatafuna. Toa mabaki mdomoni, futa kwa kitambaa chenye maji. Utomvu kwenye manyoya: sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Machoni: maji safi yatiririke dakika 15. Mfunge taulo asijilambe, chukua kipande cha mmea, nenda kwa daktari wa mifugo. Kwa kalanchoe na waridi la jangwani usingoje dalili. Usimtapishe kwa chumvi, chumvi yenyewe inaweza kumuua. Maziwa hayaondoi sumu.

MASWALI

Kipepeo: Mkuu, paka wangu kala kakati, nifanyeje?

Mwandishi: Kakati gani? Anza hatua ya 1. Kama anatapika sasa hivi, acha kuandika, nenda kwa daktari.

Babu Shamba: Mshubiri tunakunywa, kuku tunawawekea kwenye maji. Leo umekuwa sumu?

Mwandishi: Swali zuri, mzee wangu. Jani lina vitu viwili: ute usio na rangi wa katikati, na utomvu wa njano ulio chini ya ganda. Huo wa njano ndio mchungu na ndio unaoharisha. Paka hamenyi jani, anauma ganda kwanza. Mara nyingi hafi, lakini mtoto wa paka akiharisha hukaukiwa maji upesi.

Kipepeo: Nikinyunyiza pilipili kwenye majani si inatosha?

Mwandishi: Hapana. Itamwingia machoni, na mmea utabaki na sumu yake. Naftalini pia hapana, nayo ni sumu kwa paka. Mmea utoke.

Dada wa Bustani: Kwa nini kalanchoe igonge moyo na si tumbo tu? Na maua je?

Mwandishi: Tumbo nalo linaguswa, dada: kutapika na kuharisha ndiko huanza. Lakini sumu yake huzuia pampu inayosogeza sodiamu na potasiamu kwenye seli za moyo, mapigo yakapotea mpangilio. Maua ndiyo yenye sumu nyingi zaidi, kwa hiyo kalanchoe ya zawadi iliyochanua ndiyo ya kuogopa. Afrika Kusini mbuzi na kondoo huugua kwa sumu za jamii hiyo hiyo wakila mimea hii malishoni.

Dada wa Bustani: Asante. Paka wangu pia anachimba chungu cha Echeveria.

Mwandishi: Funika udongo kwa kokoto kubwa, tabaka la sentimita 3, maji yatapita vizuri. Na kwa kuwa unapenda maua: lili za kwenye mashada usiingize ndani kabisa. Si za majani manene, lakini chavua kwenye manyoya au maji ya chombo chake yanatosha kuua figo za paka ndani ya siku chache.