Mvinyo mzuri usio na jina kubwa: namna ya kuutafuta

Mimi ndiye ninayenunua vinywaji vya mgahawa mmoja hapa Dar es Salaam, kwa hiyo swali hili nalisikia kila wiki: "Dada, waini gani ni nzuri lakini haiumizi mfuko?" Wageni wananiuliza, ndugu wananiuliza, na meneja wangu naye ananiuliza kila tunapofunga hesabu za mwezi. Jibu langu ni moja. Tafuta sehemu inayolima zabibu nzuri ambayo watu bado hawajaanza kuigombania. Sehemu hizo zipo nyingi, na mojawapo iko kwetu kabisa, Dodoma.

Kabla ya kwenda dukani, elewa kwanza hela yako inaishia wapi. Chukua chupa ya shilingi 15,000. VAT ya asilimia 18 peke yake imeshakula karibu 2,300. Halafu kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa mvinyo hutozwa kwa lita, hautozwi kwa bei. Maana yake chupa ya hovyo na chupa nzuri zenye ujazo mmoja zinalipa ushuru ule ule. Kioo, kizibo, lebo, katoni na usafiri navyo havipungui hata kama kilichomo ndani hakina thamani. Ndiyo sababu chupa ya bei ya chini kabisa rafuni huwa na mvinyo wa hela kidogo mno. Ukiongeza elfu tano au kumi, sehemu kubwa zaidi ya nyongeza hiyo inakwenda kwenye zabibu zenyewe. Ukiendelea kupanda, unafika mahali nyongeza inaacha kwenda kwenye zabibu, inaanza kwenda kwenye sifa ya eneo na bei ya ardhi yake. Chupa yenye jina ya Bordeaux au Champagne, maeneo ya Ufaransa, inabeba mzigo huo wote. Sisi tunataka kusimama pale kati.

Mvinyo wa nyumbani una nafuu nyingine. Sheria zetu za kodi zimekuwa zikiweka kiwango cha chini sana cha ushuru kwa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini zinazozidi asilimia 75. Hivyo katika chupa mbili za bei moja, ya Dodoma na ya kutoka nje, ile ya Dodoma ina nafasi ya kukupa zabibu zaidi kwa hela ile ile. Nasema ina nafasi, kwa sababu si kila chupa ya Dodoma inaitumia nafasi hiyo.

Dodoma, na maswali ya kuuliza

Mizabibu ya Dodoma ilipandwa na wamisionari Wakatoliki waliohitaji mvinyo wa misa, na hadi leo Bihawana na Miyuji ni majina yanayojulikana kwa zabibu. Baadaye wakulima wadogo waliichukua kazi hiyo, na sasa mashamba yametapakaa Mpunguzi, Mvumi, Hombolo, Makutupora na kwingineko. Nchi ile iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kavu, mchana jua kali, usiku kunapoa. Mizabibu haipati majira ya baridi ya kulala kama Ulaya, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha mzabibu kwa kuupogoa. Akipogoa mara mbili, anavuna mara mbili kwa mwaka: mara ya kwanza kuelekea mwisho wa mvua, kati ya Februari na Aprili, na mara ya pili Agosti na Septemba.

Hilo ni jambo kubwa kwa mnunuzi. Mavuno ya masika yanapigana na maji na ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Zabibu zinajaa maji, nyingine zinaoza zikiwa kwenye kishada. Mavuno ya kiangazi yanaiva taratibu katika hewa kavu, na kwa ulimi wangu mvinyo wake una ladha iliyokolea zaidi. Ukifika kiwandani au ukikutana na muuzaji wao kwenye maonesho ya Nanenane au Sabasaba, liwe ndilo swali lako la kwanza: zabibu hizi zilivunwa mwezi gani?

Swali la pili: ni zabibu gani? Nyekundu inayolimwa zaidi na wakulima inaitwa Makutupora, kama kijiji chenye kituo cha utafiti wa zabibu. Ina rangi nzuri na uchachu, na ikitengenezwa kwa uangalifu inatoa mvinyo mwepesi wa kunywa na chakula. Nyeupe ni Chenin Blanc, na hiyo ndiyo ninayoipa kipaumbele: inavumilia joto bila kupoteza uchachu wake. Kuna pia Syrah, na huko Hombolo kiwanda cha Cetawico kimetumia zabibu za Italia, Aglianico na Teroldego. Aglianico ya Dodoma! Mtu wa Napoli angeshangaa. Mimi naifurahia kwa sababu ni zabibu ya jua kali, inayochelewa kuiva, na ina ukakasi wa kutosha kusimama mbele ya nyama choma.

Swali la tatu ndilo watu hawaulizi: zabibu zilikaa muda gani kati ya shamba na mashine ya kukamua? Mjomba wangu analima Mpunguzi. Nikienda kwake wakati wa mavuno, ananipa somo lile lile: anachuma punje moja, anaibonyeza, anatema mbegu kiganjani. Mbegu ya kijani, bado. Mbegu ya kahawia inayovunjika kwenye meno kama karanga iliyokaangwa, tayari. Halafu anachuma alfajiri, anapanga vishada kwenye kreti bila kuvishindilia. Kazi yote hiyo inaweza kupotea siku moja. Nimeona kreti zake zikisubiri juani kutwa nje ya kiwanda kimoja kwa sababu tangi lilikuwa limejaa. Ilipofika saa kumi jioni juisi ilikuwa inachuruzika chini ya kreti, nyuki wamejaa, na harufu ya siki imeshaanza. Zabibu za namna hiyo hazirudi nyuma. Zinaongezwa sukari, zinawekwa lebo yenye dhahabu, zinauzwa. Inaniuma, kwa sababu mnywaji anasema "waini ya Dodoma mbaya" wakati mzabibu haukukosa kitu.

Ndiyo maana natafuta watengenezaji wanaokamua karibu na shamba. Wengine hununua mchuzi wa zabibu, yaani juisi yake, uliokamuliwa na kiwanda kingine, kisha wanauchachusha au kuuchanganya wenyewe. Si kosa, mchuzi mzuri upo, lakini uliza ulitoka kwa nani na ulisafirishwaje. Anayejua kazi yake atakujibu bila kusitasita, tena kwa furaha.

Jambo moja kuhusu utamu. Sukari inaficha kasoro. Ukitaka kumpima mtengenezaji mpya, nunua kwanza mvinyo wake mkavu, yaani usio na sukari iliyobaki. Akifaulu hapo, hata mtamu wake utakuwa salama. Kama umezoea waini tamu, usijilazimishe kuruka moja kwa moja hadi kwenye mkavu wenye ukakasi. Anza na Chenin Blanc, ipoze vizuri, inywe na chakula.

Ukitoka nje ya mipaka

Kwa majirani, Ethiopia ina mashamba yaliyoanzishwa na kampuni ya Castel huko Ziway, kwenye Bonde la Ufa, yaliyoanza kutoa chupa mwaka 2014. Kenya wana mvinyo wa Leleshwa kutoka upande wa Naivasha. Ukisafiri, jaribu huko huko.

Rafu zetu nyingi zimejaa Afrika Kusini, na hapo hila ni rahisi. Stellenbosch ni jina kubwa, kwa hiyo soma lebo za jirani zake: Robertson, Breedekloof, Swartland. Afrika Kusini ndiyo nchi yenye Chenin Blanc nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, na kwa kuwa ipo nyingi, bei yake mara nyingi iko chini ya ubora wake. Lebo zao pia zinaaminika: ikitajwa zabibu moja au mwaka mmoja, sheria inataka angalau asilimia 85 ya kilichomo kitoke kwenye zabibu hiyo na mwaka huo.

Chile, tafuta Carménère. Ni zabibu yenye asili ya Bordeaux iliyokuwa ikilimwa Chile ikidhaniwa ni Merlot, hadi mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoitambua. Ureno, tafuta Alentejo na Dão kwa nyekundu, na Vinho Verde kwa nyeupe nyepesi ya mchana wa joto.

Ndugu zangu mlioko Ulaya mna bahati kuliko sisi, kwa sababu mvinyo wa Georgia na Moldova unawafikia kwa bei nafuu. Mwaka 2006 Urusi, iliyokuwa mteja wao mkuu, ilifunga mlango kwa mvinyo wa nchi zote mbili. Watengenezaji walilazimika kutafuta wanunuzi wapya wasiowajua, na mnunuzi asiyekujua hakusamehi: ubora ukapanda, majina yakabaki madogo. Georgia wamekuwa wakitengeneza mvinyo kwa takriban miaka 8,000, na mpaka leo wapo wanaouchachusha kwenye mitungi mikubwa ya udongo, qvevri, iliyofukiwa ardhini. UNESCO iliuweka utaratibu huo kwenye orodha ya urithi wake mwaka 2013. Anza na Saperavi, nyekundu nzito yenye nyama nyekundu ndani ya punje, si ganda tu. Kisha Rkatsiteli iliyokaa na maganda yake kwenye mtungi: rangi ya chai, ukakasi kidogo. Mshangao wa kwanza ni mkubwa, lakini iweke mezani na kuku wa kukaanga na pilipili, utaielewa.

Mbele ya rafu

Joto letu linaua mvinyo mwingi kuliko watengenezaji wabaya. Angalia duka kwanza. Chupa zikipangwa dirishani, au juu kabisa karibu na taa, achana nazo. Shika chupa: kama kizibo kimesukumwa juu, au kuna alama ya mvinyo uliovuja chini ya kofia, ilishapikwa kwenye kontena au stoo. Linganisha kiwango cha mvinyo shingoni na chupa ya pembeni yake. Ikiwa chini, acha. Nyeupe iliyogeuka rangi ya asali iliyokoza, na ni ya kawaida ya bei ndogo, imechoka. Kwa nyeupe na rozei, yaani ya rangi ya waridi, chukua mwaka wa karibuni. Chupa nyingi za kwetu hazina mwaka wa mavuno, kwa hiyo soma tarehe ya uzalishaji nyuma ya lebo.

Usidharau kifuniko cha kuzungusha. Kwa joto hili nakipenda kuliko kizibo. Waini ya boksi pia si ya kudharauliwa, mfuko wa ndani unajikunja bila kuingiza hewa, hivyo ikifunguliwa na kukaa kwenye friji inadumu wiki kadhaa. Soma tu tarehe ya kufungashwa.

Ukishapata chupa mbili za mahali pawili, zifungue pamoja na mtu wa kuelewana naye. Glasi mbili, chakula kimoja. Ulimi hulinganisha vizuri kuliko unavyokumbuka. Nyeupe itoke kwenye friji, na hata nyekundu iingie humo nusu saa kabla. Ile kanuni ya joto la chumba iliwekwa na watu ambao chumba chao si cha Kariakoo mwezi wa pili. Nusa kabla ya kunywa: harufu ya siki, ya rangi ya kucha au ya katoni iliyolowa, usijilazimishe, irudishe. Kisha andika kwenye simu jina, zabibu, mwaka, duka na bei, na neno moja tu: tena, au basi. Kwa samaki wa kupaka mimi nachukua Chenin Blanc kavu, nazi inataka kitu chenye uchachu. Makutupora iliyopozwa kwa mishkaki. Pilau ya ng'ombe, Carménère.

Na kwa kamati za harusi, maana hizo simu ninazipokea sana: kufungua shampeni hakuhitaji Champagne. Afrika Kusini wanatengeneza Cap Classique, mvinyo wa mapovu unaochachuka mara ya pili ndani ya chupa kama ule wa Champagne. Simonsig walianza mwaka 1971. Limoux na Loire huko Ufaransa wana Crémant kwa utaratibu huo huo, kwa bei ya chini sana. Nunueni chupa moja mjaribu kabla ya kulipia katoni. Ombeni bei ya katoni, na makubaliano ya kurudisha chupa ambazo hazijafunguliwa yaandikwe kwenye risiti. Mpangieni mtu mmoja wa barafu, afike ukumbini masaa mawili kabla ya wageni, kwa sababu chupa ya moto ikifunguliwa, nusu yake inaishia sakafuni.