Jinsi ya kusoma karatasi za kazi yako, hatua kwa hatua: kwa wafanyakazi wa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi tunafanya kazi kwa Kiswahili, lakini tunaajiriwa na kufukuzwa kwa Kifaransa. Patron, yaani mwajiri, anaongea nawe vizuri, kisha anakusogezea karatasi: saini hapa. Kazi yangu katika sendika, yaani chama cha wafanyakazi, ni kusoma karatasi hizo pamoja na wenyewe, na nimeona haki nyingi zikipotea pale pale kwenye saini, kabla mtu hajafikiria kesi. Kwa hiyo tutazifuata karatasi kwa mpangilio ule ule zinavyokufikia mkononi. Maneno ya Kifaransa nitayaacha kama yanavyoandikwa, ili uyatambue ukiyakuta.

Sheria yenyewe ya kazi hapa Congo inaitwa Code du travail. Ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Inamlinda dereva wa lori la Kasumbalesa, mlinzi wa usiku wa Kampemba, fundi wa kiwandani, na mama anayefanya usafi katika nyumba za watu. Wanajeshi, polisi, mahakimu na watumishi wa kudumu wa serikali wana sheria zao.

Hatua ya 1: Tafuta muda wa mkataba

Kabla ya kuangalia mshahara, angalia kama umeandikiwa CDD au CDI. CDD ni mkataba wenye tarehe ya mwisho. CDI hauna tarehe hiyo, na ndio unaokulinda zaidi, kwa sababu patron hawezi kuuvunja bila sababu halali.

CDD haiwezi kupita miaka 2. Kwa mwenye ndoa aliyetenganishwa na familia yake haiwezi kupita mwaka 1, na jambo hilo linawagusa wengi wanaoacha mke au mume na watoto hapa mjini wakaenda migodini Kolwezi au Fungurume. Tena inarudishwa upya mara 1 tu, isipokuwa kwa kazi za msimu na nyingine chache zilizotajwa na sheria. Kama nafasi yenyewe ni ya kudumu, mkataba unatakiwa kuwa CDI tangu mwanzo. Mtu mwenye CDD ya tano mfululizo kwenye mashine ile ile, kwa patron yule yule, ana hoja nzito mkononi hata kama kila karatasi inasema mkataba unaisha Desemba.

Na asiye na karatasi? Wengi wanakuja wakisema, "Mimi sina contrat, basi sina haki." Ni kinyume. Sheria inamtaka mwajiri aandike mkataba, na asipoandika, mkataba unahesabiwa kuwa CDI mpaka kinyume chake kithibitishwe. Wewe unaruhusiwa kuthibitisha kazi yako kwa njia yoyote ya kisheria: mashahidi, kadi ya kuingilia getini, ujumbe wa mshahara kwenye simu, maagizo ya chef kwenye WhatsApp. Usifute ujumbe wa kazi. Ukibadilisha simu, hamisha kwanza.

Sasa vibarua, wale wa "journalier", nisikilizeni vizuri hapa. Mtu akishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, kisha akaajiriwa tena kabla miezi hiyo 2 haijaisha, mkataba huo mpya unahesabiwa kuwa CDI. Waajiri wengine wanaijua hesabu hii kuliko vibarua wenyewe, na ndiyo maana mtu anaambiwa apumzike kidogo akikaribia siku ya 22. Nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, mahali, saa ya kuingia na ya kutoka, na jina la aliyekupa kazi. Daftari la mkono lililoandikwa siku kwa siku lina nguvu kuliko maneno ya kukumbuka-kumbuka baada ya miezi.

Kuna neno moja zaidi ambalo watu wa ujenzi na wa migodi wanalihitaji: "tâcheron". Huyo ni mtu aliyechukua kipande cha kazi kutoka kwa mwenye kazi mkubwa, kisha akatafuta watu wake mwenyewe wa kukifanya. Akishindwa kuwalipa kwa sababu hana kitu, sheria inamweka mwenye kazi mkubwa mahali pake kwa madai ya wafanyakazi. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa uliza: kazi hii ni ya nani? Andika jina hilo kwenye daftari.

Hatua ya 2: Soma kipengele cha majaribio

Kinaitwa "clause d'essai" na lazima kiwe cha maandishi. Kwa kibarua asiye na ufundi hakipiti mwezi 1. Kwa wengine miezi 6. Kama hakikuandikwa, hakuna majaribio.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya fiche de paie

Kila unapolipwa una haki ya kupewa karatasi inayoonyesha mshahara ulivyohesabiwa. Malipo hayaruhusiwi kupitisha mwezi mmoja bila kufika, na yanatakiwa kutoka ndani ya siku 6 baada ya kipindi kinachohusika.

Anza na neno "rémunération". Ndani yake kuna mshahara, kamisheni, prime, malipo ya saa za ziada na kadhalika. Pesa za usafiri, nyumba au pesa ya nyumba, matibabu na posho ya kisheria ya watoto haziingii humo. Utaona umuhimu wake siku ya kuachishwa kazi, maana malipo ya mwisho yanapimwa kwa rémunération. Ukipewa pesa kubwa ya usafiri na mshahara mdogo, leo unaona umepata sawa, kesho hesabu inakuumiza.

Kisha angalia makato. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 5 kwako, na mwajiri anaongeza asilimia 13 kutoka mfukoni mwake. Kama wewe unakatwa, omba namba yako ya uanachama, kisha uende mwenyewe CNSS kuhakikisha kwamba pesa imefika. Ninawasihi hasa walio chini ya miaka 40, ambao pensheni wanaiona kama habari ya wazee.

Saa za ziada ndipo pesa nyingi inapovujia. Juma la kisheria ni saa 45, na siku ni saa 9. Saa 6 za kwanza zinazozidi 45 zinaongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na saa za siku ya mapumziko ya juma asilimia 100. Tuseme saa yako ni faranga 4.000 na umefanya saa 53. Umezidisha saa 8. Sita za kwanza ni 5.200 kila moja, yaani 31.200. Mbili zilizobaki ni 6.400 kila moja, yaani 12.800. Jumla 44.000. Ukilipwa 32.000, umelipwa kana kwamba saa hizo zilikuwa za kawaida.

Hatua ya 4: Barua ya kuachishwa kazi

Tafuta kwanza sababu. Kwa CDI, mwajiri anahitaji "motif valable": uwezo wako, mwenendo wako, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Mimba si sababu. Sendika si sababu. Kumlalamikia patron kwa wenye mamlaka si sababu.

Halafu hesabu "préavis", muda wa taarifa: angalau siku 14 za kazi, na siku 7 kwa kila mwaka uliotimia. Miaka 4 ni 14 na 28, jumla siku 42 za kazi. Ukiondoka kwa hiari yako, unadaiwa nusu, siku 21.

Barua ikisema "faute lourde", yaani kosa zito, préavis inaondoka. Neno hilo linatumika ovyo mno mjini hapa. Mwajiri anayetaka kulitumia lazima akuarifu kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu ajue jambo lenyewe, kwa hiyo linganisha tarehe ya tukio na tarehe ya barua.

Siku ya mwisho utaletewa "décompte final", hesabu ya mwisho ya malipo yako, pamoja na maneno "pour solde de tout compte", yaani tumemalizana. Mama mmoja mpishi alikaa nyumbani miezi kadhaa akiamini saini yake chini ya maneno hayo ilikuwa imemfunga mdomo. Haikumfunga. Maneno hayo hayakuondolei haki ya kudai kilichobaki. Chukua pesa unayopewa, omba nakala, na dai cheti chako cha kazi, ambacho kinataja aina ya kazi na tarehe, bila neno lolote la kukuchafulia jina.

Hatua ya 5: Inspection du travail

Usikimbilie mahakamani. Mgogoro wa mtu mmoja haupokelewi na Tribunal du travail, mahakama ya kazi, kabla ya kupita kwanza kwenye usuluhishi mbele ya Inspekta wa Kazi. Mpelekee nakala za mkataba, fiches, daftari na barua. Orijino zibaki kwako. Andika madai kwa mafungu: préavis kiasi hiki, likizo kiasi hiki, saa za ziada kiasi hiki.

Angalia kalenda. Dai la mshahara linakufa baada ya mwaka 1 tangu siku ulipotakiwa kulipwa. Madai mengine mengi ya mkataba yana miaka 3. Patron anayekuambia "subiri kidogo" kila mwezi anaweza kukufikisha huko.

Mkipatana, masharti yanaandikwa kwenye PV ya usuluhishi, yaani karatasi rasmi ya kikao. Yasome yote kabla ya kusaini, tena na mtu anayejua Kifaransa. Mkishindwana, omba PV ya "non-conciliation", kwamba hamkupatana. Mwajiri asipofika, ni PV ya "carence", kwamba hakutokea. Karatasi hiyo ndiyo inayokufungulia mlango wa Tribunal du travail. Ikiona umefukuzwa bila sababu halali, mahakama inaweza kuamuru urudishwe kazini, au ulipwe fidia isiyozidi rémunération ya miezi 36.