Arduino ya kuongeza virutubisho yenyewe kwenye tangi la lita 100 la saladi zinazokuzwa majini bila udongo

Vifaa: Arduino Nano, pampu tatu ndogo za volti 12 zinazokamua mpira (virutubisho A, virutubisho B na kipunguza pH), sensa ya EC (jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani wingi wa chumvi za virutubisho), ya pH na ya joto. ESP32, bodi nyingine ya aina hii, ina Wi-Fi, sawa, ila usomaji wake wa analogi umepinda, na pini za ADC2 (kundi la pili la pini za analogi) hugoma Wi-Fi ikiwaka. Kwa kupima, Nano.

1. Nyaya

Kila pampu na MOSFET (swichi ya kielektroniki) yake ya IRLZ44N. Ukipewa moduli ya IRF520 dukani Kariakoo, irudishe: geti yake (mguu wa kuiwasha) inataka karibu volti 10 ili ifunguke sawasawa, Nano inatoa 5. Dayodi ya 1N4007 ikae sambamba na mota, mstari upande wa chanya. Rezista ya 10k kati ya geti na GND (upande wa hasi) ni lazima. Umeme ukikatika na kurudi, pini za Nano huelea kabla programu haijaanza, na hapo ndipo pampu hujimwagia asidi.

2. Kupima pampu

Jaza mpira kwanza, kisha endesha sekunde 60 ndani ya chombo chenye alama za ml. Zikitoka ml 90, basi ml 6 ni sekunde 4. Rudia kila mwezi, mpira unachakaa. Chupa zikae chini kuliko tangi.

3. Sensa

EC isahihishwe kwa maji ya kusahihishia ya 1413 µS/cm, pH kwa ya 6.86 na 4.00. Joto: DS18B20 na rezista ya 4.7k. Usiiruke. EC hupanda karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi juu ya 25, kwa hiyo maji ya nyuzi 31 yenye EC 1.5 mS/cm (yaani 1500 µS/cm) yatasomeka 1.68.

4. pH inayorukaruka

Hapa ndipo watu hutupa probu nzima wakidhani imekufa. Kwenye glasi inasoma 6.86 vizuri, ukiitumbukiza tangini inacheza ovyo. Sababu: sensa ya EC hupitisha umeme majini ili kupima, na kwa kuwa zote mbili zinatumia GND moja, umeme huo unapita pia kwenye probu ya pH.

Hakikisha kwanza. Chota maji ya tangi kwenye glasi, soma pH, kisha chovya probu ya EC humo humo. Namba ikihama, tatizo ni hilo.

Kuikatia sensa ya EC umeme pekee hakutoshi, maana waya wa GND bado umeungana. Tumia relei ya volti 5 yenye njia mbili, ikate waya *zote mbili* za probu ya EC. Subiri sekunde 60, soma pH mara 20, chukua namba ya katikati, kisha unganisha EC. Usijaribu kinyume chake: waya wa pH hubeba umeme hafifu mno, na kwa unyevunyevu wa Dar relei yenyewe itauvujisha.

Bado inaruka? Chomoa pampu ya kuzungusha maji kwenye soketi. pH ikitulia, pampu inavujisha umeme. Ibadilishe, na usitie mkono majini ikiwa imechomekwa. Kama siyo hiyo, kausha kiungio cha probu kwa spiriti. Na usisome chochote pampu za dozi zikiwa zinazunguka.

5. Programu

```
if (ec < 1.4 && mlLeo < 60 &&
    millis() - mwisho > 900000UL) {
  toa(PAMPU_A, 6);
  subiri(120);
  toa(PAMPU_B, 6);
  mlLeo += 6;
  mwisho = millis();
}
```

Zile sekunde 120 ni kwa sababu A ina kalsiamu na B ina salfeti na fosfeti; zikikutana kabla hazijachanganyika na maji, zinaganda unga mweupe. Kikomo cha ml 60 kinakuokoa probu ikichomoka majini na kusoma sifuri. Hifadhi `mlLeo` kwenye EEPROM (kumbukumbu ya Nano isiyofutika umeme ukikatika), la sivyo kila umeme ukikatika hesabu inaanza upya. pH ishughulikiwe baada ya EC, ml 1 kwa wakati, na lengo la saladi ni 5.5 hadi 6.5.

Hiyo 1.4 ni ya maji yasiyo na chumvi. Kama unatumia kisima, pima maji matupu kwanza: yakiwa tayari na EC 1.5, sharti la `ec < 1.4` halitatimia kamwe, pampu hazitagusa kitu na saladi itakaa na njaa. Yachanganye na ya mvua au yaliyochujwa hadi yashuke chini ya 0.5.