Kabla hujaenda kuona majani ya Kancamagus, panga haya kwanza

Kila mwaka Septemba ikielekea ukingoni lazima mtu anipigie, "kaka nasikia huwa mnaenda kuona majani ya miti yakigeuka rangi, mwaka huu na sisi tumo," na mi swali langu ni moja tu, mnaenda siku gani? Maana mengine yote yanarekebishika njiani ila siku ukiikosea umeikosea.

Sisi wa Lowell, Massachusetts, tunaenda Kancamagus, barabara ya 112 kule jimbo la New Hampshire, inatoka Lincoln mpaka Conway, maili 34 na ushee katikati ya msitu wa White Mountain. Jina ni la kiongozi wa karne ya 17 wa Wapennacook, kabila la asili la huko, wakazi wa sasa wanalikata wanasema Kanc basi. Kutoka Lowell unashika barabara kuu ya I-93 kaskazini, kama masaa mawili hivi upo Lincoln, foleni isipokuwepo.

Sasa hiyo foleni. Mwaka wetu wa kwanza tulienda Jumamosi ya ile wikendi ndefu ya Oktoba, ya sikukuu ya Columbus Day, tukatoka nyumbani saa 4 asubuhi baada ya kunywa chai taratibu kama tunaenda harusini, na mafuta yalikuwa robo tenki, nikasema nitajaza mbele. Mbele hamna! Ukishatoka Lincoln hakuna sheli hata moja mpaka ufike upande wa Conway, na nusu ya Marekani ilikuwa imeamua kuja siku ile ile, gari linasogea hatua mbili linasimama. Taa ya mafuta ikawaka, ile rangi ya chungwa, shangazi nyuma akasema "haya, na gari nalo limegeuka." Tulifika Conway kwa dua. Kwa hiyo jaza tenki Lincoln, hata kama unaona bado lipo nusu.

Siku nzuri ni katikati ya wiki, ukiweza kubadilishana zamu kazini badilisha. Rangi huwa zinakolea wiki mbili za kwanza za Oktoba lakini usifunge tarehe tangu Agosti, subiri, kuna ramani mtandaoni inayoonyesha wiki kwa wiki rangi imefika wapi New Hampshire. Majani hayafuati kalenda. Siku zikianza kuwa fupi mti unaacha kutengeneza ule ukijani, na njano ambayo ilikuwepo humo humo siku zote inajitokeza, ila nyekundu ni kitu kingine, hiyo jani linaitengeneza upya kwa sukari iliyobaki ndani, na inapenda mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofika kugandisha. Mvua na upepo wa usiku mmoja vinaweza kumwaga kila kitu chini. (Sisi vuli tunajua ni mvua, huku vuli ndo msimu huu wa majani, na mvua ndo adui.) Na huko juu kunatangulia, pale kileleni barabara inafika futi 2,855, kwa hiyo ukichelewa kidogo usikate tamaa, shuka upande wa Conway ambako mto Swift unapita kando ya barabara, mara nyingi bado kuna rangi.

Toka saa 11 alfajiri au saa 12, sio utani. Ila ujue ukianzia Lincoln asubuhi unaendesha kuelekea mashariki, jua linakupiga usoni, miwani ya jua dereva awe nayo mkononi sio kwenye begi. Pima na upepo wa matairi, baridi ikianza huwa unapungua. Kona zipo kali hasa, kuna moja inajikunja kabisa kama kiwiko, na majani yakilowa juu ya lami yanateleza kama ganda la ndizi. Kwenye mteremko shusha gia, usikalie breki. Na usisimame katikati ya njia kupiga picha, paking za kuangalia mandhari zipo nyingi.

Baadhi ya hizo paking, kama Sabbaday Falls na Rocky Gorge, zinalipiwa dola 5 kwa siku, beba noti ndogo. Vyoo ni vya shimo, ndio, vile vile vya shule ya msingi, kwa hiyo karatasi na sabuni ya mikono vitoke nyumbani.

Netiwaki inakufa muda si mrefu baada ya Lincoln. Pakua ramani kabla, na kama mko magari mawili kubalianeni mapema mtakutana wapi na saa ngapi. Sisi tulisema "tutakutana kwenye maporomoko," wenzetu wakakaa Lower Falls sisi tumekaa Sabbaday, saa nzima kila mtu anamlaani mwenzie kimya kimya.

Chakula nacho ni cha kubeba, njiani hakuna hoteli. Chupa mbili za chai ya tangawizi, maandazi, mayai ya kuchemsha, na pilau kwenye hotipoti ukiwa na watu wenye njaa ya kweli. Mabaki rudi nayo, dubu wapo. Jaketi kila mtu, hata kama Lowell mmetoka na tisheti, watoto wapewe na kofia.

Kurudi, jua linazama kama saa 12 na robo jioni, jitahidi giza likukute umeshatoka msituni. Kuna yule mnyama wao, musi, ni mkubwa kuliko ng'ombe na miguu mirefu, rangi ya giza, taa za gari zinapita chini yake humuoni mpaka umefika, na ukimgonga mwili wote unakuja kwenye kioo cha mbele. Jioni na alfajiri ndo saa zake.

Beba pia gazeti la zamani. Watoto wataokota majani mekundu ya mti wa mepo (maple) wayapange juu ya dashibodi, na hita ikiwaka kabla hamjafika mji wa Concord yameshajikunja kama chipsi na kilio kimeanza. Yalaze katikati ya kurasa hapo hapo, kalia.